Mdomo Ukifa Ganzi, Jino Laweza Kuwa Macho

Wahenga walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Ukweli wa msemo huo waujua zaidi yule aliyepoteza gego la chini akiwa bado kijana, akabaki kutafuna nyama upande mmoja wa kinywa maisha yake yote. Ajabu ni kuwa kila siku katika kliniki zetu za meno watu wazima wenye akili timamu huketi kwenye kiti na kuomba wang'olewe meno ambayo yangaliweza kuokolewa. Ukiwauliza sababu, wengi watakutajia fedha, nao hawana makosa, maana kung'oa jino hugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya kulitibu. Lakini wapo wengine ambao hawataji fedha hata kidogo. Hao husema, "Nilitibiwa jino mara moja nikakiona cha mtema kuni. Sirudi tena."

Ni hao wa pili ninaotaka kuwazungumzia leo, kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya mateso yao yangaliweza kubashiriwa kabla ya mashine kuwashwa, na yakishabashiriwa, yakapunguzwa.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Ndani ya kila jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na mishipa ya hisi. Kiini hicho kimezungukwa na ngome mbili: dentini, na juu ya dentini enameli, ambayo ndiyo kitu kigumu kupita vyote mwilini mwa binadamu. Uozo ukishazitoboa ngome hizo na kukifikia kiini, kiini huvimba. Sasa, kidole kikivimba kina mahali pa kutanukia. Kiini cha jino hakina. Kimefungiwa katika chumba cha kuta ngumu, na msongo unaozidi humo hauna pa kutokea. Ndipo mtu anapoamka saa nane za usiku bila kuguswa na chochote, jino likipwita kwa mpigo wa moyo, na akilala chali linazidi. Chai ya moto humchoma. Maji baridi humwachia maumivu yanayokawia muda mrefu baada ya yeye kumeza. Jino likifika hapo, madaktari huhesabu kwamba kiini hakitapona chenyewe. Hulitoboa, wakakiondoa kiini kilichougua, wakaisafisha mifereji ya mizizi na kuiziba. Wakazi wa mijini huyaita matibabu hayo ruti kanali. Ni kazi ya ustadi, na ikifanywa vyema jino hubaki mahali pake kwa miaka mingi.

Taabu ni kwamba mgonjwa wa aina hii haji kwa miadi. Huja asubuhi akiwa hajalala, macho mekundu, shavu amelishika kwa kiganja, na kazi hiyo ya ustadi yatakiwa ianze saa iyo hiyo katika jino lililowaka. Nalo jino lililowaka, ole wake mwenyewe, ndilo gumu kuliko yote kulitia ganzi.

Sindano inayotumiwa kwa magego ya chini ina historia ndefu. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeini ikidondoshwa jichoni hulifanya jicho lisihisi kisu. Muda si muda William Halsted, daktari mpasuaji wa New York, akaidunga dawa hiyo kando ya mshipa wa hisi wa taya la chini na kulitia ganzi. Halsted alijijaribia dawa ile mwilini mwake hata akawa mtumwa wake, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Uswidi aliunda lidokeini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 na ambayo hadi leo imejaa katika makabati ya madaktari wa meno. Dawa imebadilika, lakini mahali pa kudunga ni pale pale: nyuma ya magego, upande wa ndani wa taya, panapo tundu ambalo mshipa huo huingilia mfupani.

Msomaji atauliza kwa nini sindano isidungwe penye jino lenyewe. Kwa meno ya juu ndivyo inavyofanywa, na aghalabu hufaulu, kwa kuwa mfupa wa taya la juu ni mwembamba na dawa huupenya. Mfupa wa taya la chini, hasa huku nyuma kwenye magego, ni mnene kama ukuta wa Fort Jesus. Basi daktari hulazimika kuuvizia mshipa kabla haujaingia ngomeni. Mshipa huo ukishaingia husafiri ndani ya taya, hugawa matawi kwa kila jino, kisha tawi lake moja hutokeza nje karibu na kidevu na kwenda mdomoni.

Hapo ndipo mlipojificha mtego. Baada ya dakika kadhaa daktari humwuliza mgonjwa, "Mdomo umekufa ganzi?" Mgonjwa hujibu, "Ndiyo, daktari, nauhisi kama si wangu." Mashine huwashwa. Lakini mdomo si jino. Kufa ganzi kwa mdomo huthibitisha kwamba dawa imeufikia mshipa. Hakuthibitishi kwamba kiini cha gego kimelala. Al Reader na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, wamelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, na wengine wengi wamewafuata. Katika magego ya chini yenye kiini kilichowaka, sindano hiyo ikiachwa peke yake hushindwa kwa takriban nusu ya wagonjwa, na katika baadhi ya tafiti kwa zaidi ya nusu, ilhali midomo yao imekufa ganzi kikamilifu. Matatu ambayo breki zake hushika safari moja kati ya mbili, nani angeipanda?

Sababu za kushindwa huko zimeandikiwa mengi. Yasemwa kwamba tishu iliyovimba huwa na asidi, na asidi huizuia dawa kupenya kwenye mshipa. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi, kwa kuwa sindano hudungwa mbali na uvimbe. Sababu nyingine yaelekea kuwa na uzito zaidi: mishipa inayotoka katika kiini kilichovimba hubadilika tabia. Katika ngozi ya mishipa hiyo kuna vijilango vya sodiamu vinavyopitisha habari za maumivu, na lidokeini hufanya kazi yake kwa kuvifunga. Kiini kikiugua, huongezeka vijilango vya aina ambayo haitii lidokeini upesi. Fauka ya hayo, ubongo wenyewe, ukiwa umepigiwa kelele na jino siku tatu mfululizo, huwa umechacha, na mguso mdogo huupokea kama pigo.

Je, yawezekana kujua mapema nani ataumia? Kwa mtu mmoja mmoja hakuna mganga wala mashine ya kumtaja kwa yakini. Hata hivyo, dalili zinazoelemea upande wa hatari zajulikana. Gego la chini ni ya kwanza. Maumivu yanayokuja yenyewe bila kuchokozwa ni ya pili. Mtu aliyekuja na maumivu makali huelekea kuumia zaidi kuliko aliyekuja na maumivu hafifu, na aliyewahi kushindwa na ganzi siku za nyuma anastahili kuogopewa kuliko wote. Hofu nayo imo. Aliyejawa na woga huhisi maumivu mapema na huyahisi zaidi, na hilo si udhaifu wa tabia, ni jinsi mwili ulivyoumbwa.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia zaidi ya wagonjwa 600 waliotibiwa mizizi ya meno katika kliniki za kawaida. Takriban mmoja kati ya watano alipata maumivu makali katika juma lililofuata. Waliokuwa hatarini zaidi walijulikana kwa maswali mepesi yasiyohitaji mtambo: jino lauma kiasi gani sasa hivi, limekuzuia kufanya shughuli zako siku ngapi juma hili, nalo huzidi kuuma ukiwa na mashaka ya moyo? Na kwa wale waliokwisha kutetemeka kwa kuisoma makala hii, yafaa niongeze kwamba utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2002, uliona kuwa kwa jumla wagonjwa walitarajia maumivu makubwa kuliko waliyoyapata. Wengi huinuka kitini wakishangaa kwamba kumbe ni hivyo tu. Hao hawanipi shida. Shida yangu ni wachache wanaopata yale wanayoyaogopa, wakayasimulia kijiji kizima.

Mmoja wao ni shangazi yangu, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza kwenye kliniki moja ya binafsi ambayo sitaitaja, kwa ajili ya gego la chini upande wa kushoto. Alipoingia alimweleza daktari kijana, kwa taratibu ya kialimu, kwamba hajalala usiku tatu. Kwamba jino humwamsha lenyewe. Kwamba miaka ya nyuma alipochomwa sindano upande ule ule haikumshika. Msomaji aliyezifuata aya zilizotangulia ameshaona kwamba kila dalili ilikuwa imewekwa mezani. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye kadi. Kilichoandikwa ni jina, umri na namba ya jino.

Sindano ilidungwa, mdomo ukafa ganzi, mashine ikalia. Ilipokikaribia kiini shangazi aliruka kitini. Daktari akamwambia, kwa upole wote wa kitabibu, "Mama, haiwezi kuwa inauma. Hiyo ni mitetemo tu unayohisi, na hofu." Akaendelea. Shangazi akaruka tena. Mara ya tatu alimshika yule kijana mkono, akausogeza kando, akasema, "Mwanangu, nimezaa watoto watano. Mitetemo naijua." Alitoka na jino lililotobolewa nusu, na juma lililofuata alikwenda kuling'oa mahali pengine. Amebaki na pengo, na tangu siku hiyo hawasikilizi wajukuu wakimwambia habari za daktari wa meno.

Kushindwa kwa ganzi namsamehe yule kijana. Nimekwisha kusema hutokea kwa mabingwa. Nisilomsamehe ni kumwambia mtu mzima kwamba hahisi anachohisi. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Hakuna kipimo cha maumivu kinachopita kauli ya mwenye kuumwa, na tabibu anayeikataa kauli hiyo ameitupa dira yake baharini.

Ilhali Kiswahili chetu hakikutunyima maneno ya kauli hiyo. Jino laweza kuuma, kuwanga, kupwita, kuchoma, kukeketa, kuvuta hadi sikioni. Kila neno lina mahali pake, na mama wa Lamu au wa Kisauni hatakuchanganyia kupwita na kuwanga. Hata neno ganzi lenyewe lina habari yake: kabla halijawa jina la dawa ya hospitali lilikuwa jina la ule mkakamao unaoyapata meno mtoto akila embe bichi. Jino lililotiwa ganzi na embe halikulala asilani. Liko macho mno. Naona kana kwamba lugha ilitutahadharisha mapema. Lakini katika kliniki nyingi mgonjwa huambiwa ataje nambari kutoka sifuri hadi kumi, na bibi kizee ambaye hajawahi kupimiwa maisha yake kwa nambari husema tano ili mambo yaishe.

Kuna na jambo la ushujaa. Jamii zetu kadhaa zimewalea wanaume wasimame mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Mvulana wa Kibukusu anayetahiriwa mwezi wa Agosti hutazamwa na ukoo mzima asije akatikisika. Miongoni mwa Waluo wa zamani, kung'olewa meno sita ya mbele ya chini kulikuwa sehemu ya kukua, na hapakuwa na lidokeini. Siyadharau mambo hayo. Nasema tu kwamba mwanamume aliyelelewa hivyo, akiulizwa na daktari msichana wa umri wa bintiye kama anaogopa, atajibu kuwa haogopi, na daktari akilitegemea jibu hilo atabashiri vibaya. Aulizwe kwa njia nyingine. Aulizwe alilala saa ngapi jana, amekula nini upande ule, amekosa kazini siku ngapi. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini si lazima tusubiri kilio.

Sasa tuje kwenye yanayowezekana. Kipimo cha kwanza ni cha baridi. Kabla ya sindano daktari huligusa jino kwa kitu baridi akaona mgonjwa anavyoshtuka. Baada ya sindano hurudia. Kama baridi bado yahisika, kiini kiko macho, na kuwasha mashine hapo ni kumwonea mtu. Jino lisipohisi baridi tena, matumaini huongezeka, ingawa hata hapo wapo watakaoumia. Kliniki zenye uwezo hutumia dawa ya kopo iliyo baridi mno. Zisizo na uwezo zaweza kugandisha maji ndani ya kifuniko cha plastiki cha sindano, ukapatikana ujiti wa barafu. Ni kipimo dhaifu kuliko kile cha kopo, lakini chashinda kumwuliza mtu habari za mdomo wake.

Kama jino halijalala, kuna njia za kuongezea. Daktari aweza kudunga artikeini kwenye ufizi wa nje kando ya gego, au kudunga kwa sindano nyembamba katika utando unaolishika jino mfupani, au kuipitisha dawa ndani ya mfupa wenyewe. Ya mwisho kabisa ni kudunga ndani ya kiini chenyewe kilichokwisha kufunuliwa. Hiyo hufaulu, ila kwa nukta chache huuma kama moto, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla, si baada. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha pia kwamba ibuprofeni ikimezwa kama saa moja kabla ya sindano huongeza uwezekano wa ganzi kushika, ingawa haimfai kila mtu: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, au mwenye pumu inayochochewa na dawa za jamii hiyo asiiguse bila kuuliza. Na ikiwa siku yenyewe imekuwa mbaya, hakuna sheria inayosema mizizi yote lazima isafishwe papo hapo. Kuondoa sehemu ya juu tu ya kiini na kuziba kwa muda huwapa wengi nafuu, kazi iliyobaki ikangoja siku ya utulivu.

Ambalo halisaidii ni lile tunalolipenda sana, yaani kununua viuavijasumu kwenye duka la dawa na kuvimeza juma zima tukingoja jino litulie. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa penisilini nusu ya wagonjwa 40 wenye maumivu ya namna hii, na nusu nyingine wakawapa vidonge visivyo na dawa. Maumivu hayakutofautiana. Uvimbe wa kiini kilicho hai si vita vya vijidudu ambavyo kidonge chaweza kuvimaliza kutokea tumboni. Karafuu ya nyanya zetu nayo, nasema kwa heshima zote, ina dawa ndani yake. Mafuta yake huchanganywa na unga wa zinki kuwa kiraka cha muda katika kliniki duniani kote. Huliliwaza jino. Haliponyi.

Najua nitajibiwa na wenye kazi yao. Watasema kwamba katika hospitali za serikali foleni ni ndefu, kwamba afisa mmoja wa afya ya kinywa ana wagonjwa wengi kuliko saa alizo nazo, na kwamba hana nafasi ya kumhoji kila mtu kama mwandishi wa habari. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haishiki. Maswali manne na ujiti wa barafu huchukua dakika tatu. Mgonjwa anayeruka kitini mara tano huchukua saa nzima, na asiporudi amepoteza sindano, dawa na muda uliokwisha kutumika.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba ukimwonya mgonjwa kuwa huenda akaumia utamtia hofu, na hofu itamzidishia maumivu, hivi kwamba ubashiri utajitimiza wenyewe. Hilo laweza kutokea kwa anayeonywa kisha akaachwa. Tofauti ni kubwa kati ya kusema, "Hili litauma," na kusema, "Jino la aina hii mara nyingi huwa gumu kulala, tutalipima kwanza, na likiuma utainua mkono wa kushoto, nami nitasimama." Maneno hayo ya pili humrudishia mtu mamlaka juu ya kinywa chake. Sharti lake ni moja tu, kwamba mkono ukiinuliwa mashine isimame kweli, hata kama imebaki nukta moja.

Kwa mgonjwa mwenyewe nina machache. Usiketi kitini kabla hujasema kama ganzi iliwahi kukukataa, na uhakikishe imeandikwa. Sema umemeza dawa gani na saa ngapi. Ukiumia, sema unaumia. Ukishatibiwa usitafune wala usinywe chai ya moto mpaka mdomo umerudi, maana wengi wamejing'ata ulimi wasijue. Ukihisi kidonda kesho yake si ajabu, bali ukivimba shavu au ukipata homa rudi upesi. Na kile kiraka cheupe ulichotoka nacho ni cha muda. Maumivu yatakuwa yamekwisha, nawe utashawishika kuisahau tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, hadi kiraka kivuje na jino lile lile likuamshe tena saa nane za usiku.